Bibi Florence Nightingale: Mwenye Taa na Mwenye Daftari

Hakuna askari asiyejua kuhesabiwa. Alfajiri gwarideni majina huitwa: waliopo ni wangapi, walio hospitali ni wangapi, walio ruhusa ni wangapi, na wasiojulikana waliko ni wangapi. Polisi naye kituoni huandika katika daftari la matukio kila jambo lililoletwa mezani usiku kucha. Karani hujumlisha, karatasi hupelekwa kwa wakubwa, na siku huanza. Wengi wetu huiona kazi hiyo kuwa desturi tu, tena desturi ya kuchosha. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyezichukua karatasi za namna hiyo, akazisoma kwa makini, akagundua kwamba jeshi la nchi yake lilikuwa likiangamizwa na adui ambaye hakuna bunduki hata moja iliyomwelekea.

Mtu huyo ni Bibi Florence Nightingale wa Uingereza. Wauguzi wa dunia nzima walijua jina lake, na picha ya mwanamke abebaye taa usiku akipita kati ya vitanda vya majeruhi imechorwa mara zisizo na idadi. Lakini taa ni nusu tu ya habari yake. Nusu ya pili ni daftari, nayo ndiyo tutakayoieleza hapa, kwa sababu ndani yake mna misingi ya elimu iitwayo takwimu, yaani elimu ya kukusanya hesabu za mambo mengi, kuzipanga, kuzilinganisha na kuzitafutia maana. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bibi huyu aliwaonyesha wakubwa wa nchi yake kwamba hata roho za watu hupotea vivyo hivyo.

MALEZI YAKE

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake wakiwa safarini, nao wakampa jina la mji huo. Dada yake mkubwa, aliyezaliwa Naples, alikuwa amekwisha kupewa jina la kale la mji huo, yaani Parthenope. Baba yao, Bwana William Nightingale, alikuwa mtu wa mali, mwenye nyumba kubwa mbili za mashamba huko Uingereza. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha binti zake Kigiriki, Kilatini, historia na falsafa, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wasichana wa zama zile. Florence alitokea kupenda hesabu mno. Mama yake hakufurahishwa na jambo hilo, kwani kwa maoni yake binti wa ukoo bora yampasa ajue kupokea wageni na kungoja mchumba.

Mwezi wa Februari 1837, akiwa bado hajatimiza miaka kumi na saba, Florence aliamini kwamba Mungu amemwita kwa kazi maalumu. Kazi yenyewe alikuja kuitambua baadaye kuwa ni kuuguza wagonjwa. Nyumbani kukawa na kilio. Katika siku zile hospitali ilikuwa mahali pa maskini, na wauguzi walisifika kwa ulevi kuliko kwa utunzaji. Kwa miaka mingi wazazi wake walimkatalia. Naye kwa miaka hiyo aliamka kabla ya mapambazuko, akawasha taa, akasoma taarifa za serikali juu ya afya na hospitali, akajaza madaftari kwa hesabu alizoziokota humo. Wachumba waliokuja aliwakataa. Mwaka 1851 alipata ruhusa ya kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza uuguzi kwa muda wa miezi mitatu. Mwaka 1853 akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake wagonjwa mjini London.

VITA VYA KRIMEA

Mwezi wa Machi 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Uturuki kupigana na Urusi, na majeshi yao yakapelekwa rasi ya Krimea katika Bahari Nyeusi. Mwandishi wa gazeti la The Times, Bwana William Howard Russell, alipeleka habari kutoka huko zilizowashitua wananchi: majeruhi walikuwa wakilala chini bila bendeji, bila wauguzi, bila hata maji ya kunywa. Waziri aliyehusika na mambo ya vita, Bwana Sidney Herbert, alikuwa rafiki wa Bibi Florence, naye akamwomba aende. Aliondoka London tarehe 21 Oktoba 1854 pamoja na wauguzi wanawake 38, akafika Scutari, ng'ambo ya mji ambao leo ni Istanbul, tarehe 4 Novemba.

Hospitali aliyoikuta ilikuwa kambi ya askari wa Kituruki, jengo kubwa mno ambalo chini yake mlipita mifereji ya maji machafu iliyoziba. Panya walitembea kati ya wagonjwa. Wagonjwa waliletwa kwa meli kutoka Krimea, wengine wakiwa wamekwisha kufa njiani. Madaktari wa jeshi hawakupenda kuletewa wanawake, na mwanzoni hawakuwapa kazi. Bibi Florence alivumilia. Alitafuta mashati, sabuni, brashi za kusugulia sakafu na vyakula laini. Alisimamisha dobi la kufulia nguo. Aliwaandikia jamaa za askari waliofariki. Usiku alipita na taa.

Jambo lililomtisha kama uchafu ule lilikuwa hali ya madaftari. Vifo viliandikwa katika sehemu tatu mbalimbali, na hesabu za daftari moja hazikupatana na za daftari jingine. Walikuwapo askari waliozikwa bila mtu kuweza kusema kwa yakini walikufa kwa ugonjwa gani. Mtu aweza kuuliza: marehemu amekwisha kufa, karatasi itamfaa nini? Jibu ni kwamba karatasi haimfai marehemu. Yamfaa yule askari atakayelala kesho juu ya kitanda kile kile.

Wakati wa baridi ule mambo yalizidi kuwa mabaya, na twaomba wasomaji walikumbuke jambo hilo, maana hadithi nyingi hulipita kimya. Bibi Florence alikuwapo tangu Novemba, chakula kilikuwa kimetengenea, wauguzi walifanya kazi usiku na mchana, lakini vifo viliongezeka. Mwezi wa Februari 1855 walikufa kama watu 42 katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa. Mwezi wa Machi serikali ikatuma tume ya afya. Tume hiyo iliamuru mifereji izibuliwe na kusafishwa, kuta zipakwe chokaa, hewa ipitishwe ndani ya mabweni, na mizoga iondolewe. Ulikutwa hata mzoga wa farasi ndani ya mfereji ulioleta maji ya hospitali. Kufikia Juni waliokufa walikuwa kama 2 tu katika kila 100.

HESABU BAADA YA VITA

Vita vilikwisha mwaka 1856. Bibi Florence alirudi kwao mwezi wa Agosti kwa jina la bandia ili akwepe mapokezi na nderemo. Nchi nzima ilikuwa ikimsifu, naye hakutaka sifa. Alitaka kujua kwa nini watu wale walikufa. Mwezi wa Septemba alikutana na Malkia Victoria, na mwaka 1857 serikali ikaunda tume ya kuchunguza afya ya jeshi. Kwa kuwa alikuwa mwanamke hakuweza kuketi katika tume, lakini maswali, majedwali na sehemu kubwa ya ushahidi vilitoka mezani kwake.

Aliyemsaidia alikuwa Dakta William Farr, mkuu wa hesabu katika ofisi iliyoandikisha vizazi na vifo vya Uingereza. Hapa ndipo tunapofikia elimu yenyewe, nasi tutaieleza polepole.

Neno la kwanza ni idadi. Idadi ni hesabu ya vitu tu: wamekufa watu kadha. Katika mwezi wa Januari 1855 jeshi la Uingereza lilipoteza askari 2,761 kwa magonjwa ya kuambukiza, yaani kipindupindu, kuhara, homa na mengineyo ya aina hiyo. Ni idadi kubwa, lakini peke yake haitoshi. Je, ni 2,761 kati ya wangapi? Ikiwa jeshi lina watu milioni moja, ni msiba mdogo. Ikiwa lina watu elfu tatu, jeshi limekwisha.

Kwa hiyo latakiwa neno la pili, nalo ni wastani. Jeshi vitani halina watu sawa kila siku: leo wanashuka wapya kutoka melini, kesho wengine wanapelekwa hospitali au wanazikwa. Ili kupata wastani, hesabu za siku zote hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya siku. Wastani wa jeshi lile katika Januari 1855 ulikuwa askari 32,393.

Neno la tatu ni kiwango, na hilo ndilo moyo wa habari yote. Tukigawanya 2,761 kwa 32,393 twapata kwamba katika kila askari elfu walikufa 85 kwa mwezi mmoja tu. Bibi Florence na Dakta Farr wakazidisha mara kumi na mbili ili mwezi huo uweze kulinganishwa na mwaka mzima, wakapata 1,023 kwa kila elfu. Msomaji atashangaa: watawezaje kufa watu 1,023 katika watu 1,000? Maana yake ni kwamba kama miezi kumi na miwili yote ingalikuwa kama Januari ile, na kila aliyekufa angalitiwa mwingine mahali pake, basi jeshi zima lingalikufa katika mwaka mmoja, na baadhi ya waliotiwa badala yao wangalikufa pia. Bila risasi ya Mrusi hata moja.

Neno la nne ni mgawanyo wa aina. Bibi Florence hakukubali vifo vyote viwekwe katika kapu moja. Alivigawa sehemu tatu: vya magonjwa yanayoweza kuzuiwa, vya majeraha, na vya sababu nyingine. Mwezi ule ule wa Januari waliokufa kwa majeraha walikuwa 83. Yaani kwa kila askari mmoja aliyekufa kwa silaha za adui, walikufa zaidi ya 30 kwa magonjwa ambayo usafi ungaliweza kuyazuia. Katika vita vyote Waingereza walipoteza askari zaidi ya 16,000 kwa magonjwa, na waliouawa vitani au kufa kwa majeraha hawakufika 5,000. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1856, jeshi lilikuwa kubwa zaidi, wastani wake askari 44,212, na waliokufa kwa magonjwa yale walikuwa 42. Kiwango chake kwa mwaka ni 11 kwa kila elfu. Kutoka 1,023 hadi 11: hayo ndiyo yaliyomfanya asilale.

MCHORO WA MAUA

Alijua kwamba wakubwa hawapendi kusoma majedwali. Kwa hiyo mwaka 1858 alichapisha mchoro wa mviringo uliogawanywa vipande kumi na viwili, kila kipande mwezi mmoja, mfano wa ua lililochanua. Ukubwa wa eneo la kila rangi ulionyesha vifo vya aina moja: buluu kwa magonjwa, nyekundu kwa majeraha, nyeusi kwa sababu nyingine. Mtu asiyejua hesabu hata kidogo aliona mara moja buluu ikitapakaa juu ya karatasi na nyekundu ikibaki kama tone. Mwaka huo huo Chama cha Takwimu cha London kilimpokea kuwa mwanachama, naye akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa humo.

KULINGANISHA NA NANI?

Wako waliosema kwamba vitani kufa ni desturi. Bibi Florence akageukia kambi za nyumbani Uingereza, wakati wa amani, ambako askari walikula kila siku na kulala chini ya paa. Akataka kujua kama wao walikufa zaidi ya raia.

Hapa pana mtego ambao wengi hunaswa nao hata leo. Ukilinganisha askari na raia wote, utadanganyika, kwa maana kati ya raia wamo wazee, watoto wachanga na walemavu. Askari ni vijana, tena daktari amekwisha kuwapima na kuwakataa wagonjwa. Kwa hiyo ililazimu kuwalinganisha na wanaume wa umri wao. Matokeo yakawa haya: kati ya wanaume wa Uingereza wenye umri wa miaka 20 hadi 25 walikufa 8.4 kwa kila elfu kwa mwaka, na kati ya askari wa umri huo huo walikufa 17. Watu waliochaguliwa kwa afya yao walikufa maradufu ya watu wasiochaguliwa. Sababu ilikuwa mabweni yaliyosongamana, hewa chafu, vyoo vibaya na maji yasiyo safi. Aliwaambia wakubwa, bila kuwaficha, kwamba kuwaacha watu wafe namna hiyo ni kosa sawa na kuwatoa askari 1,100 kila mwaka uwanjani na kuwapiga risasi.

Sheria ya ulinganisho ilimgusa yeye mwenyewe pia, na gharama yake ilikuwa kubwa. Wakati wa vita alidhani kwamba wagonjwa wa Scutari walikufa kwa sababu walifika wakiwa wamedhoofika mno kwa njaa, baridi na kazi. Hesabu zilipopangwa pamoja baada ya vita, zilionyesha kwamba wakati wa baridi ule hospitali za Scutari zilikuwa na vifo kwa kiwango kikubwa kuliko hospitali ndogo za vikosi zilizokuwa karibu na mapigano. Watu walikuwa wameletwa mbali kwa meli ili wapone, wakalazwa juu ya mifereji iliyooza. Hospitali iliyompa sifa ya dunia ndiyo iliyokuwa imewaua wengi. Mtu mwingine angalizifungia sandukuni karatasi zile. Yeye alizitumia kuwa hoja, akashika neno kwamba wema na bidii ya muuguzi havitoshi pale ambapo mfereji umeziba.

Hata hivyo haki yatulazimu kuongeza neno. Kiwango cha vifo kilishuka mwaka 1855 baada ya tume kusafisha, lakini katika miezi hiyo pia baridi ilipungua na chakula na nguo vikafika Krimea. Jambo moja kulifuata jingine si ushahidi kamili kwamba la kwanza limelizaa la pili. Ndiyo sababu hakuridhika na mwaka mmoja wala mahali pamoja, bali aliendelea kukusanya hesabu za kambi mbalimbali na nchi mbalimbali.

KOSA LA KIGAWANYO

Sifa ya mtu haimkingi na kosa la hesabu, na habari ifuatayo yathibitisha. Katika kitabu chake juu ya hospitali, toleo la mwaka 1863, alitia jedwali lililotoka kwa Dakta Farr. Lilionyesha kwamba katika hospitali 24 za London kiwango cha vifo kilikuwa asilimia 90.84. Madaktari wakaja juu katika magazeti yao. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: vifo 3,828 vya mwaka mzima viligawanywa kwa wagonjwa 4,214 waliokutwa vitandani siku moja ya mwezi wa Aprili 1861. Lakini kitanda kimoja hulaliwa na wagonjwa wengi katika mwaka. Waliotibiwa mwaka ule walikuwa wengi mno kuliko wale waliokutwa siku moja, na wengi wao walirudi makwao wazima. Kugawanya kulikuwa sahihi, wala tarakimu hazikuwa na kosa. Kilichopotosha ni kigawanyo, kwa kuwa vifo vya mwaka viligawanywa kwa watu wa siku moja.

Twaitaja habari hii si kwa kumshushia heshima bibi huyo. Twaitaja kwa kuwa ni funzo lenye thamani kama mchoro wake wa maua. Kama bingwa aliyewafundisha wengine kuuliza ni kati ya wangapi aliweza kupitiwa na kigawanyo, sisi tulio wanafunzi yatupasa kuwa macho mara mbili.

MIAKA YA MWISHO

Tangu homa kali iliyompata Krimea mwezi wa Mei 1855 afya yake haikurudi kamili. Miaka mingi ya maisha yake ilipita chumbani, mara nyingi kitandani, akiandika barua, taarifa na majedwali. Kutokana na kazi ya tume ya 1857, mabweni ya jeshi yalianza kutengenezwa, chuo cha madaktari wa jeshi kikafunguliwa, na takwimu za afya ya askari zikapangiwa utaratibu wake. Mwaka 1860 chuo cha wauguzi chenye jina lake kilianza katika Hospitali ya St Thomas, London. Mwaka huo huo mkutano wa mataifa juu ya takwimu ulifanyika mjini humo, naye akapeleka pendekezo kwamba hospitali zote zitumie fomu za namna moja na majina ya magonjwa ya namna moja, maana hesabu zilizoandikwa kwa mitindo tofauti haziwezi kulinganishwa.

Wakati wa mkutano huo alikutana na Bwana Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mtaalamu aliyekuwa ameonyesha kwamba hata makosa ya jinai yaliyofikishwa mahakamani yalirudi mwaka kwa mwaka kwa idadi zinazokaribiana. Bibi Florence alikipenda sana kitabu chake. Yeye aliona humo wajibu wa serikali: ikiwa uhalifu na vifo vina utaratibu, basi vina sababu, na sababu zaweza kutafutwa na kubadilishwa.

Alishughulika pia na Bara Hindi, ambako askari wa Uingereza walikuwa wakifa 69 kwa kila elfu kwa mwaka. Alituma fomu za maswali katika vituo vya jeshi, akapokea mizigo ya karatasi, akaziandikia maelezo yaliyochapishwa mwaka 1863 juu ya maji, mifereji na mabweni. Miaka kumi baadaye kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 18. Mwaka 1891 alijaribu kuanzisha nafasi ya ualimu mkuu wa takwimu katika chuo kikuu cha Oxford, ili watawala wafundishwe kuzisoma hesabu walizokuwa wakizikusanya, lakini mpango huo haukufaulu. Kilichomuudhi hadi uzeeni kilikuwa serikali kukusanya makaratasi mengi na kutoyatumia.

Mwaka 1907 alipewa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata. Alifariki mjini London tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe katika kanisa kuu la Westminster, kwa kuwa mwenyewe alitaka maziko yasiyo na fahari. Jeneza lake lilibebwa na masajini sita wa jeshi hadi kaburini kijijini East Wellow, na juu ya jiwe hapakuandikwa jina lake kamili, bali herufi zake mbili na miaka yake.

FUNZO KWETU

Wasomaji wetu walio kambini na vituoni hawana haja ya kuwa mabingwa wa hesabu ili wafaidike na maisha haya. Tuchukue mfano. Kambi moja ina askari 200 na wagonjwa 6 wa kuhara; kambi ya pili ina askari 1,000 na wagonjwa 15. Mwenye haraka atakimbilia kambi ya pili, kwa kuwa wagonjwa wake ni wengi. Lakini ya kwanza ina wagonjwa 30 kwa kila elfu, na ya pili ina 15. Maji ya kutazamwa kwanza ni ya kambi ndogo.

Au tuchukue kituo cha polisi ambacho mwezi uliopita kiliandika wizi mara 3, na mwezi huu mara 6. Ni kweli umeongezeka maradufu, lakini idadi ndogo namna hiyo hupanda na kushuka kwa bahati tu. Yafaa kutazama miezi mingi kabla ya kusema majambazi wamehamia mtaani. Tena taarifa zilizoandikwa si uhalifu wote uliotendeka. Pengine wananchi wameanza kukiamini kituo, wakaleta mashitaka ambayo zamani waliyanyamazia. Daftari likijaa, huenda ikawa ni dalili ya kazi njema.

Kwa hiyo kila tarakimu ikiletwa mezani yatupasa kuiuliza maswali manne. Ni kati ya wangapi? Ni kwa muda gani? Ni ya aina gani? Yalinganishwa na nani? Tena kabla ya hayo yote yampasa karani wa kwanza kabisa, yule aandikaye alfajiri kwa mwanga hafifu, aandike kweli. Asipoandika, au akiandika la kumpendeza mkubwa wake, hakuna Farr wala Nightingale atakayeweza kuitengeneza hesabu hiyo baadaye. Askari waliozikwa Scutari bila kuandikwa vyema hawakuweza kuwaokoa wenzao. Wale walioandikwa waliwaokoa maelfu.